Usiseme Ulinitembeza Nikapona

Teta,

Sikuandikii juu ya koti la baridi. Shangazi yako amekununulia mawili na najua ameshakuonyesha hadi namna ya kufunga vifungo. Sikuandikii juu ya chakula cha Uswidi, wala marafiki, wala wanaume. Umri unao, na ulimi unao wa kukutosha. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na kesho jioni ndege inakuchukua, na mimi sitaki kubaki Kabeza na hasira ambayo mwenyewe amekwenda zake.

Naandika Kiswahili. Unajua kwa nini. Kinyarwanda nilijifunza ukubwani, tuliporudi kutoka ukimbizini Karagwe, kwa hiyo ninacho kile cha adabu tu, cha kusalimia wakwe na kutoa pole. Nikitaka kugomba, maneno yananikimbia. Basi utasoma polepole na hicho Kiswahili chako cha "iko". Ukikwama usimuulize Shangazi Spesi. Yeye ana zamu yake humu ndani.

Jana watu walijaa uani kukuaga. Ukapewa kipaza sauti, ukasema vizuri, nakubali, ulisema vizuri. Ukawaeleza kwamba unakwenda kwenye maabara ambako wanawakimbiza panya wenye uvimbe wa titi, wanatazama mazoezi yanaufanya nini ule uvimbe na mishipa yake ya damu. Mpaka hapo nilikuwa natabasamu. Kisha ukanigeukia mbele ya wote: "Na mimi nilianzia kwa mama yangu. Nilimtembeza, akapona."

Wakapiga makofi. Shangazi Spesi akapiga vigelegele vya impundu mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikainuka nikaenda jikoni, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Muacheni, furaha imemzidi." Furaha! Nilishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili kwa sababu ningerudi ningekunyang'anya kile kipaza sauti. Nilikuwa na neno moja tu la kusema ndani yake. Dativa.

Sasa nitakusimulia mambo unayoyajua. Nakusimulia kwa sababu jana nilisikia unavyoyasimulia wewe, na sikuyatambua.

Nilipopata lile donge kwenye titi la kushoto, ulikuwa chuoni Huye. Nilikuwa naoga. Nililigusa, nikaacha kuligusa, nikamaliza kuoga, nikapika, nikala. Nikakaa nalo hivyo kwa muda ambao sitakuambia, maana utanitangaza kwa kipaza sauti. Hospitali walichukua kinyama, wakapima, daktari akaniambia ni saratani, na kwamba watanipa kwanza dawa za kuingia mshipani, donge lipungue, ndipo wakate. Nikamuuliza kama nitakufa. Akasema, "Mama, leo tunaongea kuhusu dawa." Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilikuja kumheshimu kuliko watu wote katika habari hii.

Shangazi yako akahamia kwetu na mabegi yake. Marehemu baba yako alikuwa kaka yake wa pekee, na tangu azikwe Spesi anaona nyumba hii ni ya kwake kuilinda, na hata mimi mwenyewe nilindwe. Akanilaza. Sikufua, sikufagia, sikutoka hata getini. "Wifi, usitikisike," ananiambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "ukitikisika damu inachemka, na hicho kitu kinakula damu." Akaniletea uji kitandani, akanipangusa uso kwa kitambaa. Na nikuambie jambo: nililipenda. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisifanye kazi. Nililala pale kama malkia, nikaanza kuoza miguu.

Ndipo ukaja wewe. Hukubisha hodi. Ulifungua pazia, ukaangalia miguu yangu, ukasema, "Mama, inuka. Tunatoka."

"Twende wapi?"

"Barabarani. Kutembea."

Shangazi alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Unataka kumuua mama yako?"

Ugomvi wa siku ile majirani walilala nao. Ulikaa kitandani kwangu ukachora kwenye mgongo wa bahasha ya hospitali. Ukasema uvimbe haukui hivihivi, unajitengenezea mishipa yake ya damu ili upate kula, lakini unaitengeneza kwa haraka na kwa ovyo. "Mama, iko kama mabomba ya maji fundi mlevi ameweka. Imepinda, inavuja, haifiki mwisho." Ndani kabisa ya donge, ukasema, hewa haifiki, na donge lenye njaa ya hewa linakuwa kali zaidi. Na ubaya mwingine: dawa nayo inapita kwenye damu. Damu isipofika, dawa haifiki. Halafu ukanieleza panya wanaokimbia. Kwamba kwa baadhi yao uvimbe ulikua polepole kuliko wa wenzao waliokaa tu, na mishipa yake ikaonekana imenyooka kidogo, damu inapita.

Nilikusikiliza hadi mwisho. Nikakuuliza, "Kwa hiyo unataka niusafishie njia, upate kula vizuri?"

"Si hivyo, Mama."

"Unataka niumwagilie maji kama mboga?"

"Mama, dawa ndiyo itapita kwenye hiyo njia!"

"Mimi ni panya, Teta?"

Ulilia. Mimi sikulia. Nilikurushia kandambili, ikampata Shangazi.

Tukaenda kwa daktari wote watatu, kila mmoja akitaka kuungwa mkono. Nataka ukumbuke alichosema, maana ulikuwa umekaa karibu naye kuliko mimi na ulikuwa ukitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Alimwambia Shangazi: kulala hivi kunamdhuru, atembee, ni salama, kutampunguzia uchovu wa dawa na moyo wake utakuwa na nguvu. Shangazi akanuna. Kisha daktari akakugeukia wewe. Akasema hayo ya mishipa ya uvimbe yameonekana kwa wanyama na yanatia moyo, lakini kwa binadamu bado watu wanachunguza, na yeye hawezi kuniahidi kwamba kutembea kutafanya chochote kwa donge langu. "Kutembea ni pamoja na dawa," alisema. "Si badala ya dawa. Tumeelewana?" Ukasema, "Ndiyo, Daktari." Ulisema ndiyo, Teta. Nilikusikia.

Basi ukanitembeza. Hilo ni kweli, na sitalificha ili nikukomoe. Uliomba ruhusa chuoni ukarudi nyumbani, ukanitoa kila asubuhi kutoka Kabeza kupanda hadi barabara ya Kanombe, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu, nami na kitambaa kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha. Wenye pikipiki walikuwa wanapunguza mwendo wakitaka kunibeba, "Mama, moto?" nami nilikuwa naitazama ile siti ya nyuma kama mtu anavyotazama kitanda. Wewe unawapungia mkono waende. Nilitapika kwenye mtaro mbele ya duka la simu, watu wakitazama, nawe umesimama na chupa ya maji, hukuniinamia hata kidogo. "Ukimaliza tunaendelea." Nilikuita mchawi. Nilikuambia baba yako angekuona angekukana. Ukasema, "Twende mpaka kwenye ule mti wa jacaranda."

Nilikuchukia asubuhi hizo. Sikukuchukia kwa mzaha, nilikuchukia. Nikirudi nalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu dawa zianze, na nikiamka nakuchukia upya. Chakula kikaanza kukaa tumboni. Miguu ikarudi. Na donge likapungua, daktari akalipima kwa vidole vyake akatabasamu, wakakata titi, wakanisafisha, na leo nipo hapa nakuandikia kwa ukali wote huu.

Lilipungua kwa nini? Nilimuuliza daktari mwenyewe. Akasema dawa imefanya kazi yake. Nikamuuliza, na kutembea? Akasema, "Kulikusaidia kuzivumilia dawa, hilo naliona kwa macho. Kama kulisaidia dawa kufika ndani, siwezi kujua, na mtu asikudanganye kwamba anajua." Nilikuja nikakuambia maneno hayo hayo ukiwa unakatakata mboga za dodo. Ukacheka. Ukasema madaktari wanaogopa kusema.

Kisha ukaenda kusimama kanisani.

Nilikuwa nimekaa safu ya mbele na kifua changu cha upande mmoja, nimevaa vizuri. Ukawaambia akina mama kwamba uvimbe wa mama yako uliyeyuka barabarani. Uliyeyuka! Hilo neno umelitoa wapi? Ukataja mishipa, ukataja panya, ukaruka dawa. Labda uliona zinajulikana, labda uliona hazipendezi kusimuliwa. Watu walinigeukia wakanitazama kama kitu kilichofufuka, na mimi nikakaa wima, nikatazamwa. Sikuinuka. Hilo ni langu, wala sitakubebesha wewe.

Dativa alikuwa safu ya tatu. Dativa wa butiki, lile duka la vyakula la kona, aliyekuwa akikupa pipi ulipokuwa mdogo, na anayecheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe. Nje ya nyumba yake hakuna aliyejua kwamba naye ana donge na kwamba ameshaanza dawa. Alikuwa ameanza juzijuzi tu, nywele zimeanza kutoka, mdomo umejaa vidonda. Baada ya ibada alikushika mkono. Ulinisimulia mwenyewe tukirudi, ukiwa na furaha: "Mama, Dativa naye atatembea."

Na alitembea! Unakumbuka alivyotembea? Kabla jua halijatoka, ameshapita getini kwetu na viatu vya michezo vya mumewe, amevijaza vitambaa mbele visimtoke. Siku nyingine uliungana naye. Siku nyingine mimi nilisimama hapa getini nikampungia, nikimtia nguvu. "Komera, Dativa!" Naye, "Nipo, Mama Teta, nauyeyusha!" Nilicheka. Alikuwa amepungua, nikadhani ni mazoezi.

Hakuwa akienda kwenye dawa. Aliacha mara baada ya ile siku ya kanisani. Kwa nini akae na vidonda mdomoni, na barabara ipo, na mimi hapa nina afya nampungia mkono?

Aliporudi hospitali, donge lilikuwa limetoboa ngozi. Nilikwenda kumtazama. Wewe ulisema una mtihani. Chumba kilikuwa na harufu, wamefungua madirisha yote, na alipogundua nimeisikia ile harufu akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliniomba msamaha mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili mumewe asisikie, "Mama Teta, nilikosea wapi? Nilitembea polepole mno?"

Hilo swali nimelilinda peke yangu mpaka leo. Sikukuambia. Nilifikiri ni huruma kutokukuambia, wewe na mitihani yako. Sasa lichukue. Libebe kwenye ndege.

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilipewa dawa zote, mpaka chupa ya mwisho, na ndizo zilizopunguza donge. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema tu, "Teta hakusema hivyo," akageukia ukutani.

Tulimzika kabla ya mvua kubwa. Kwenye msiba ulifanya kazi sana, ulibeba viti, ulimimina maji watu wanawe mikono. Na Faustin, mumewe, alisimama kushukuru watu. Akawashukuru majirani, kwaya, waliochimba kaburi. Halafu akasema, "Namshukuru na Teta, aliyemtembeza mke wangu asubuhi."

Nilikutazama. Nilisema moyoni, sasa atafungua mdomo. Si lazima mbele ya watu wote, hata baadaye, atamfuata pembeni. Uliinamisha kichwa kidogo, ukasema, "Asante."

Uliipokea, Teta.

Nilijiambia umeshtuka, wewe ni mtoto. Nikajiambia utakwenda wiki ijayo. Nikakuona unapita ile kona kwa njia ya nyuma, kupitia kwa fundi viatu, ili usikutane na Faustin butikini, nikasema afadhali, basi anajua, linamuuma, siku moja litamtoa. Kisha jana nakusikia unasimama mbele ya watu wale wale na sentensi ile ile, imepigwa pasi, imevalishwa kwa safari. Wengine waliokuwepo walimzika Dativa. Walikupigia makofi. Nao nawachukia, kama unataka kujua.

Usidhani nasema mazoezi ni uongo. Nenda ukawakimbize hao panya. Pengine utakuja kugundua kwamba kweli mishipa inanyooka, kwamba dawa inafika kule ambako haikuwa ikifika, hata kwa watu, hata kwa mwanamke wa Kabeza anayetapika kwenye mtaro. Natamani iwe hivyo. Mimi mwenyewe natembea mpaka leo, kila asubuhi, na bado sipendi. Ninachokuambia ni kwamba bado hujajua, na ulisema unajua, kwa sababu kusema unajua kulikufanya uwe binti aliyemponya mama yake. Hata mimi nilipenda kuwa huyo mama. Tulipendeza wote wawili pale mbele.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapima mabegi na Shangazi, nilikwenda kwa Faustin. Anauza yeye sasa pale butikini, hajui vitu vilipowekwa, alikuwa anatafuta kiberiti kwa mteja. Nilisubiri mteja atoke. Nikamwambia yote: nilichoambiwa na daktari, ulichokisema kanisani, nilivyokaa kimya, alichoniuliza mke wake hospitalini. Hakunikaribisha kiti. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya mzani.

Nilipomaliza akasema, "Alikuwa akiniambia amepata ruhusa ya kupumzika dawa. Kila wiki aliniambia hivyo. Mimi ndiye niliyemfulia vile viatu."

Nikampa pole, "Ihangane, Faustin."

"Usiniambie ihangane." Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Kwa nini umekuja wewe? Mama, nakuuliza. Kwa nini umekuja wewe?"

Akaingia ndani, akaniacha dukani peke yangu. Mtu akaja kutaka chumvi, nikamuuzia, nikaweka pesa chini ya mzani, nikaondoka.

Nimeandika barua hii tangu jua likiwa juu. Shangazi anapika, ananiuliza kupitia mlangoni kama naandika baraka. Nimemwambia ndiyo. Wewe uko Remera na rafiki zako, na utarudi ukicheka, utaikuta juu ya begi lako la mkononi. Usije chumbani kwangu. Usilie mlangoni. Usiniambie kwamba ulikuwa na nia njema, najua nia yako, mimi ndiye niliyekuzaa.

Faustin anafungua butiki asubuhi na mapema. Kesho utakwenda kabla watu hawajaanza kupita. Shangazi hatakuja. Mimi nitakuja, lakini nitasimama nje, upande wa pili wa barabara, na hata ukinitazama sitavuka. Utamwambia mwenyewe, kwa Kinyarwanda chako kizuri. Utamwambia kanisani uliruka habari ya dawa. Usimchoree mishipa. Akikutukana, tulia utukanwe. Akikufukuza, usiondoke kabla hujamaliza sentensi. Akinyamaza, hiyo ndiyo itakuwa ngumu kuliko zote, na sina ushauri.

Ukishatoka pale, njoo upande niliposimama. Hapo ndipo nitakuaga.

Mama yako